Mihimili Mitatu Haimtoi Mtu Mahabusu

Kila nikisahihisha mitihani ya Uraia nakutana na jibu lilelile: mihimili ya dola ni mitatu, Serikali, Bunge na Mahakama. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaijua kama wimbo. Haya, waulize jambo la mtaani: mtu akikudai laki mbili, polisi wanaruhusiwa kukuweka ndani? Darasa zima linaitikia, "Ndiyo!"

Hapana jamani. Deni ni madai, si jinai. Kijana niliyemfundisha, siku hizi dereva wa bodaboda, alilala mahabusu siku nne kwa sababu alichelewesha hesabu ya pikipiki ya watu. Mama yake akauza mbuzi wawili eti akalipie dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi! Na huyo kijana Uraia alipata B.

Ndiyo maana sina subira na wanaosema tukiwafundisha watoto sheria watakuwa wajuaji, watabishana na walimu na askari. Ubishi gani? Anayejua kwamba kwa kosa lisilo kubwa, aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au aachiwe kwa dhamana, hana haja ya kupiga kelele. Anauliza kwa adabu: "Afande, natuhumiwa kwa kosa gani?" Asiyejua ndiye anayekimbia, anayerusha ngumi, anayetia sahihi maelezo asiyoyasoma.

Tena si habari ya haki peke yake. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Miaka thelathini! Wavulana wangu wanaisikia wapi? Kijiweni, mwenzao akishakamatwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ndiyo kabisa, wala hawajui kama ipo, na kutwa wanasambaziana vitu WhatsApp kwa simu za kaka zao. Mahakamani kutojua sheria si utetezi. Sawa, lakini sisi tulioamua wasifundishwe tutajitetea kwa lipi?

Katiba nayo tumeifanya orodha ya tarehe. Wakati hadithi tunayo, na si ya kutunga. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi akaipeleka Mahakama Kuu, akisema inakwenda kinyume na Katiba, ikiwemo ibara ya 13 inayohusu usawa mbele ya sheria. Mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi wake. Wasichana wa kidato cha pili wana umri huohuo unaozungumzwa. Kipi kingine kwenye silabasi kinawagusa namna hii?

Nilipowasimulia kesi hiyo, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza wangeikariri tu kama mihimili, binti mmoja wa nyuma aliuliza, "Kwa hiyo mwalimu, mtu wa kawaida anaweza kuishtaki Serikali?" Nikawaambia wafungue ibara ya 26, ibara ndogo ya pili. Hakuna aliyekuwa na Katiba. Shule nzima tunayo nakala moja, na iko kabatini kwa mkuu wa shule, imefungiwa.