Kwenda Ziwani na Mbwa

Wahenga walisema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake twaijua sote: aliyekwisha kuliona tumaini hakati tamaa. Lakini tukiichukua methali hii kwa maneno yake matupu, tukampeleka mbwa wa kweli kwenye ufuko wa kweli wa Ziwa Nyasa, ambalo nchini Malawi huitwa Ziwa Malawi, tutaona kwamba ufukoni hasa ndipo mnyama huyo anapokabiliwa na hatari kubwa, na ndipo naye anapoweza kuwatia wengine hatarini. Juma hili tuzungumze juu ya matembezi ya siku moja kutoka Mponela hadi ghuba ya Senga, wilayani Salima, kwa familia inayotaka kufuatana na mbwa wake.

Baadhi ya wasomaji watauliza: mbwa anatafuta nini ziwani? Kwetu mbwa amezoeleka kuwa mlinzi wa boma na mwenzi wa mwindaji. Kumtembeza kwa starehe huonekana kuwa jambo la watu wenye nafasi. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo nyumba nyingi za Mponela na Lilongwe hazina mtu wa kumwachia mbwa siku wote wanapoondoka, na kumfunga mnyama tangu alfajiri hadi usiku bila maji wala kivuli ni ukatili. Tena watoto wanaomchunga mbwa wao vizuri safarini hujifunza uangalizi ambao hawataupata darasani. Basi tusibishane kama anafaa kwenda. Tutazame masharti ya kwenda naye.

Sharti la kwanza hutimizwa nyumbani, nalo ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Wachewa huuita chiwewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, walio wengi katika Asia na Afrika, na kwamba karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, hapana dawa ya kutegemea. Lakini kinga ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Paris na kumwokoa. Kwa mbwa, kinga ni sindano moja kwa mkupuo, inayorudiwa kwa muda anaoagiza mganga wa mifugo. Mbwa achanjwe angalau majuma manne kabla ya safari, ili dawa ipate wakati wa kufanya kazi mwilini. Asiyechanjwa abaki nyumbani, na mtu mmoja abaki naye.

Sharti la pili ni mkanda imara wa shingoni na kamba ya urefu wa hatua tatu au nne. Mbwa ambaye hajapata kufungwa kamba asianze kufundishwa siku ya safari. Mzoezeni mapema, jioni moja baada ya nyingine, mpaka aweze kuketi kimya kuku wanapopita mbele yake. Mbwa asiyeweza kumvumilia kuku hataweza kumvumilia korongo wala yangeyange.

Sasa tushike njia. Kutoka Mponela hadi Lilongwe ni kilomita zipatazo 60 kwa barabara kuu ya kaskazini. Kabla ya kuingia katikati ya mji, karibu na Kanengo, kuna njia panda ya barabara ya kwenda Salima, nayo ni mwendo wa kilomita 100 hivi. Kutoka Salima hadi Senga huongezwa kilomita 20 au zaidi kidogo. Aondokaye saa kumi na moja alfajiri atafika kabla jua halijawa kali. Magari ya abiria aghalabu hayapokei mbwa, na abiria wenzako wana haki ya kukataa kubanwa naye. Kwa hiyo safari hii yawafaa zaidi wale wanaoweza kuchangiana gari la kukodi. Msimweke mbwa kwenye buti lililofungwa, wala msimwache katika gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika chache. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu yake kwa kuhema, na hewa ikiwa moto ndani ya gari, kuhema hakumsaidii.

Joto hilo si jambo dogo. Lilongwe ipo kwenye mwinuko wa mita 1,050 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa lipo kwenye mita 474 tu. Barabara inateremka kwenye kingo za Bonde la Ufa, na msafiri ataona nchi ikigeuka: mashamba ya mahindi na tumbaku ya nyanda za juu yanabaki nyuma, mibuyu inaanza kujitokeza, na hewa inakuwa nzito. Mto Lilongwe nao unateremka vivyo hivyo. Unaingia katika Mto Linthipe, na Linthipe unamwaga maji yake ziwani, kusini ya Senga. Maji yanayopita chini ya madaraja ya mji mkuu ndiyo hayo yanayofika ufukoni, pamoja na kila takataka tuliyoitupa ndani yake. Mwezi wa Oktoba na Novemba joto la Salima ni kali sana. Kati ya Mei na Agosti hali ni nafuu, ijapokuwa upepo wa kusi-mashariki, ambao wenyeji huuita mwera, huweza kulichafua ziwa na kuinua mawimbi makubwa.

Mkifika, wa kwanza kukumbukwa si ndege wala mandhari, bali wenyeji. Ufuko wa ziwa ni uwanja wa kazi. Wavuvi hutandaza nyavu mchangani, na akina mama huanika usipa juu ya vichanja. Ndugu zetu waliotoka Uvira, Fizi au Kalemie, wakiwaona samaki hao wadogo, watakumbuka ndagala wa Tanganyika na kujua bila kuambiwa kwamba kichanja kimoja ni ada ya shule ya mtoto. Mbwa akipita juu yake, au akiinua mguu kando yake, amemtia mtu hasara. Tena wakazi wengi wa mwambao huu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Uislamu haukumkataza mtu kufuga mbwa wa ulinzi au wa uwindaji, lakini hakuna aliyelazimishwa kuramba adabu mbaya ya mgeni. Basi mwenye mbwa ampigie hodi mzee wa mahali hapo, aulize aketi wapi, na akae mbali na kisima, msikiti na vyombo vya watu.

Baada ya hapo fungueni macho. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 560 na zaidi, na kina chake hufika mita 700 hivi. Limegawanywa baina ya Malawi, Tanzania na Msumbiji. Juu ya mti mkavu ulio karibu na maji mtafuteni furukombe, tai mwenye kichwa na kifua cheupe, ambaye sura yake imo katika nembo ya taifa la Malawi. Mara nyingi huwa wawili, dume na jike, wakiitana kwa sauti kali inayosikika mbali. Mdiria mweusi na mweupe hupigapiga mabawa akining'inia hewani mahali pamoja, kisha huanguka majini kama jiwe. Mbele ya ghuba kuna kisiwa kidogo cha mawe kinachojulikana kwa kenge wakubwa na kwa minandi, ndege weusi wapiga mbizi, ambao kinyesi chao kimeyapaka mawe rangi nyeupe. Anayekwenda huko kwa mtumbwi amwache mbwa pwani na mtu wa kumshika: kenge akibanwa huuma na kupiga kwa mkia, na minandi wakishtushwa huacha mayai na makinda juani.

Wakati mwingine mtaona mbali ziwani nguzo kama za moshi zikipanda angani. Si moto. Ni mabilioni ya visubi wa ziwa, nkhungu kwa Kichewa, wanaotoka majini kwa pamoja. Upepo ukiwaleta nchi kavu, watu huwakusanya na kuwafinyanga kuwa mkate wa kitoweo.

Hapa ndipo kamba inapolipa gharama yake. Mbwa aliye huru huona ndege kumi wakiruka, naye hufurahi. Lakini wewe hukuona chochote ila migongo yao. Mbwa aliyeketishwa chini ya mti, kamba yake mkononi mwa mtu mzima, huwa msaidizi. Masikio yake yakisimama, tazama anakotazama: huenda ni pimbi juu ya jiwe, au tumbili katika majani, ambao jicho lako lingewapita. Baadhi ya ndege wa ufukweni hutaga mchangani bila kujenga kiota, na mayai yao hufanana na changarawe. Mbwa mmoja akikimbia ovyo kwa nusu saa aweza kuharibu uzazi wa msimu mzima.

Turudi kwenye methali yetu. Mamba hawindi sana katikati ya ziwa. Husubiri pale pale mnyama anapoinama kunywa. Mbwa ni mawindo ya kimo kinachomfaa, na kubweka kwake au kurukaruka kwake majini humwita adui badala ya kumfukuza. Kwa hiyo mbwa asinyweshwe ziwani wala asitupiwe kijiti majini. Mletee maji ya nyumbani katika dumu, umpe katika bakuli lake. Kaeni mbali na midomo ya mito na matete, hususan jua linapotua, kwani wakati huo viboko hutoka majini kwenda malishoni. Mbwa akimbwekea kiboko na kiboko akamjia, mbwa hukimbilia kwa bwana wake, na mnyama mzito humfuata nyuma.

Kwa watoto kuna hatari isiyoonekana, yaani kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache. Huko Cape Maclear, kusini ya ziwa, wataalamu walieleza kwamba ugonjwa uliongezeka baada ya samaki wanaokula konokono kupungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Mtoto aliyechezea maji apimwe baada ya majuma sita au zaidi. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa ya praziquantel.

Na mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, wenu au wa kijijini, osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msipake majani, mafuta wala majivu, na msingoje kuona kama mbwa ataugua.

Tusiwasahau majirani zetu wa Dzaleka, wilaya hiyo hiyo ya Dowa, ambako Kiswahili husikika kila kichochoro. Kambi hiyo, iliyokuwa gereza hapo zamani, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kidogo. Sasa ina zaidi ya 50,000. Sheria ya Malawi humtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi huko. Kwa familia kama hiyo, safari ya ziwani huanza kwa karatasi ya ruhusa, na wengi hawaipati. Lakini katika yote tuliyoyasema, lile kubwa halihitaji ruhusa wala nauli. Mahali watu walipobanana, watoto na mbwa hulala na kucheza bega kwa bega, na mbwa mmoja mgonjwa aweza kuuma watoto wengi kwa siku moja. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika njia. Mjini Blantyre mwaka 2015 mbwa zaidi ya 35,000 walichanjwa kwa siku 20 za kazi. Lililowezekana Blantyre halishindikani Dowa, wazee wa mitaa wakiomba na wenye mbwa wakijitokeza.

Mkirudi nyumbani, mkagueni mbwa masikioni na katikati ya vidole, mtoeni kupe, mpeni maji na mahali pa kulala. Kisha tazameni tarehe iliyoandikwa katika cheti chake cha chanjo. Kama imepita, safari ya kesho ni ya kwa mganga wa mifugo, ziwa litangoja.