Ngoma Ina Kosa Gani?

Muhula huu yamekuwapo mabishano makali bwenini juu ya santuri ya kwanza ya kundi la 2 Live Crew, iliyotolewa Miami, Marekani, mwaka 1986. Wengine wasema ni uchafu mtupu. Wengine waisifu kwa uchafu huo huo. Mimi naona pande zote mbili zimesikiliza maneno tu, wala hazikusikiliza ngoma.

Juu ya maneno sina utetezi. Ni matusi, na watukanwao zaidi ni wanawake. Mwaka 1987 karani wa duka moja huko Florida alishtakiwa kwa kumwuzia msichana wa miaka 14 santuri hii, akaachiliwa. Wazazi wasomao gazeti letu wajua wao wangaliamuaje!

Lakini ile ngoma! Mlio ule mzito haupigwi kwa mkono wala kwa fimbo. Watoka katika mashine iitwayo TR-808, iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Roland tangu mwaka 1980. Wanamuziki wengi hawakuitaka, maana ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli, na mwaka 1983 kampuni ikaacha kuitengeneza. Basi zikauzwa kuukuu, kwa bei ambayo hata kijana asiye na fedha nyingi aliiweza. Inacho kitufe cha kurefusha mlio wa ngoma kubwa: badala ya kusema "du" na kunyamaza, husema "duuum" mpaka kifua kitetemeke. Vijana wa Miami waliupenda mno, kwa kuwa mji wao ulikwisha zoea spika kubwa kubwa za kuchezea hadharani, desturi iliyotoka visiwani, hasa Jamaika. Luther Campbell, aliyelileta kundi hili Miami kutoka California, alikuwa mpiga santuri wa dansi za namna hiyo, na baba yake alikuwa Mjamaika.

Matusi hayakuhitaji kuvuka bahari. Tunayo ya kutosha ukutani mwa choo. Kilichovuka ni ule mlio mrefu. Siku hizi wasikika hata katika nyimbo za dini. Nanyi wenzangu mnaosifu matusi, yaondoeni mjaribu: miguu itacheza vile vile.

Nasema haya kwa sababu Chama chetu cha Muziki kiliomba ruhusa ya kuutumia mdundo huo katika wimbo wa mahafali yetu ya Kidato cha Nne, tukajibiwa kwamba "muziki wa aina hiyo" hauruhusiwi. Aina ipi, nasi hatujaandika hata neno moja? Twawaomba walimu wetu wapenzi, kwa heshima, wayapitie maneno yetu mstari kwa mstari na kukata kwa wino mwekundu wapendavyo. Ngoma watuachie. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi jioni katika ukumbi wa chakula, na viti vya walimu tutaviweka mbele.