Shukrani Haiishii Mdomoni

Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, kundi la watu waliokombolewa utumwani liliondoka kisiwani pamoja na Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Walishuka Lindi, wakashika njia ya bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na nchi walikotekwa, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe matupu, waliiona ardhi kuwa ni njema, wakatua mizigo yao. Mji wa Kikristo wa Masasi ulianzishwa na watu ambao jana yao walikuwa wakiuzwa kwa bei kama mbuzi.

Tunayakumbusha haya kwa sababu wako ndugu zetu wa Visiwani wanaodhani kwamba ibada za Wakristo wa Masasi na Newala ni jambo la mbali lisilotuhusu. Sivyo hata kidogo. Safari ile ilianzia kwetu. Na hata maneno wanayoyatumia Wakristo wale katika sala zao, shukrani, rehema, baraka na dhambi, ni maneno yale yale tuliyoyajua sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani. Askofu Steere mwenyewe alijifunza Kiswahili cha Unguja, na kwa Kiswahili hicho akafasiri maandiko ya dini yake. Dini zetu ni mbalimbali, lakini tunaposema shukrani tunatamka neno moja. Basi yafaa tuulizane maana yake.

Mwalimu wa Kikristo humfundisha muumini wake mambo matatu katika maisha ya kila siku: kumshukuru Mungu kwa anachokipata, kumhurumia mwenzake, na kusimama kwa kicho mbele ya kazi ya Muumba. Mafundisho hayo ni mazuri, wala hatumjui mwenye akili atakayeyapinga. Lakini thamani yake haipimwi kwa uzuri wa wimbo kanisani, kama vile ya kwetu isivyopimwa kwa urefu wa tasbihi. Hupimwa kwa kazi.

Historia ya Masasi na Newala yatupa ushahidi. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana wakati huo kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Misheni ikahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao wa huko, ambaye wakati huo alikuwa hajabatizwa. Waliokuja kufundisha huruma wakajikuta wao ndio wenye kuhitaji huruma, na wakaipata kwa mtu asiye wa dini yao. Huo ndio utu, na utu haungoji cheti cha ubatizo wala shahada ya chuo.

Ushahidi wa pili uko karibu na zama zetu. Mwaka 1935 daktari kijana wa Kiingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi katika nchi ya Masasi. Katika majengo ya udongo na makuti alipasua, akashona na kuuguza, miaka nenda miaka rudi. Nchi ilipopata Uhuru hakufunga virago. Alichukua uraia wa Tanzania, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Afya, kazi aliyoishika hadi 1980. Watumishi wa umma waitazame njia hiyo kwa makini. Huruma iliyoanza kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja kijijini iliingia katika Baraza la Mawaziri, ikawa siasa ya afya ya taifa zima. Huruma haivuliwi kama kanzu mtu anapopewa ofisi.

Sasa tuje kwenye kicho. Newala ipo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na pana mahali hapo ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde linatandaa chini kuelekea Mto Ruvuma. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Asimamaye pale, awe Muislamu au Mkristo, hunyamaza. Lakini uwanda huo huo wenye kustaajabisha hauna mito. Mvua hunyesha na maji huzama mchangani. Kwa vizazi vingi akina mama wa Kimakonde waliteremka mabondeni alfajiri, wakapanda tena na mitungi kichwani, na nusu ya siku ikaisha njiani. Katika miaka ya 1950 ndipo mashine zilipoanza kusukuma maji kutoka mabondeni kupelekwa juu, na tangu miaka ya 1970 Finland ilisaidia kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi.

Mama anayeyaona maji yakitoka bombani karibu na mlango wake husema, "Mungu ashukuriwe." Amesema kweli. Lakini pampu haiendeshwi kwa dua peke yake. Fundi akikosa kipuri, karani akilifungia faili mezani, mwananchi akikata bomba ili anyweshee bustani yake, yule mama atauchukua tena mtungi na kuteremka bondeni. Hapo shukrani yetu itakuwa ile ya punda, ambayo wahenga walisema ni mateke.

Kwa hiyo tunasema waziwazi. Kwa mtumishi wa Serikali, shukrani ni kuitunza mashine iliyonunuliwa kwa fedha za umma. Huruma ni kumpa kiti mzee aliyetembea tangu usiku kuja kuulizia malipo ya korosho zake, na kumpa jibu la kweli siku hiyo hiyo. Kicho ni kukumbuka kwamba mtu aliyesimama mbele ya meza yako ni kiumbe wa Mungu, na kwamba Mungu anayaona yaliyomo ndani ya faili.

Hayo hayawahusu watu wa Masasi na Newala peke yao. Nasi Visiwani tuna mkulima wa karafuu anayengoja kituoni, tuna mama anayepanga ndoo usiku kuyangojea maji, na tuna maofisi ambamo neno "njoo kesho" limekuwa salamu. Watu waliotoka Unguja mwaka 1876 hawakuwa na mali yoyote isipokuwa uhuru mpya. Kwa uhuru huo walijenga mji. Sisi tuliorithi uhuru pamoja na ofisi, magari na mihuri, hatuna udhuru wa kufanya pungufu ya walivyofanya wao.