Madaftari ya Walimu Yasifungiwe Njugu

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri nilikwenda hitimani kwa marehemu mwalimu mmoja aliyefundisha kazi ya mekanika hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Jina lake sitalitaja, kwani yeye mwenyewe katika uhai wake hakupenda kutajwatajwa. Hitima ilipokwisha tuliletewa kahawa na haluwa kama ilivyo ada yetu, na ndipo nilipomwuliza kijana mmoja wa nyumba ile, "Yale madaftari ya Maalim yako wapi?" Nilijua kwamba mzee alikuwa na sanduku zima. Humo aliandika majina ya wanafunzi wake mwaka kwa mwaka, na kila mmoja alipopata kazi alitia alama pembeni: bandari, reli, Bamburi, Changamwe, Maskati. Kijana aliinamisha kichwa, akanijibu kwa adabu, "Ami, yale makaratasi tulimpa muuza njugu. Yalikuwa yameingia mchwa."

Simlaumu kijana. Amefanya tufanyavyo sote. Sisi watu wa pwani hatuko nyuma katika kuhifadhi. Hati ya shamba twaiweka ndani ya msahafu, nasaba twazihesabu mpaka kwa mababu ambao makaburi yao hayajulikani yalipo, na mashairi ya wazee yako kwenye vifua vya bibi zetu. Lakini daftari la mwalimu wa spana, nani atalitia katika kabati? Basi nilirudi nyumbani siku ile nikihesabu ni njugu za senti ngapi zilizofungwa kwa majina ya watu walioendesha mitambo ya mji huu.

Msomaji wa makamo anaifahamu skuli ninayoisema. Wazee wanaiita MIOME mpaka leo, ijapokuwa jina hilo liliondoka mwaka 1966. Ni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, pale Tudor, kwa ajili ya kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1951. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 ikawa Politekniki ya Mombasa, mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 ikapewa hati yake yenyewe ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. (Hapa kwetu neno "chuo" lina mashaka yake. Mtoto wa Kibokoni akiambiwa aende chuoni, huchukua juzuu yake akenda kwa ustadhi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliposikia habari ya "chuo kikuu" aliuliza ni msahafu gani huo unaosomwa humo.)

Historia hiyo ya majina na miaka kila mtu anaweza kuipata. Kadhalika majina ya wakubwa waliochangia: Seyyid Khalifa bin Harub wa Unguja, Aga Khan, jamaa ya Mabohora, Sheikh Khamis wa Mombasa aliyetoa ardhi, na Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Wanastahili kutajwa, na sina la kupunguza. Lakini kati ya sherehe moja na sherehe nyingine kulikuwa na watu walioingia karakana saa mbili asubuhi wakatoka jioni mikono ikinuka grisi, na hao ndio walioikuza skuli mpaka ikafika kuitwa chuo kikuu. Hao hawana jiwe la msingi.

Siku ile ya hitima tulibaki barazani na wastaafu watatu, wawili wanaume na mmoja mama aliyekuwa akifundisha kazi za ofisi. Nilinyamaza nikawaachia wao. Mwalimu wa umeme alieleza kwamba katika darasa lake alikuwa na kijana wa Lamu, kijana wa Taita na kijana wa Machakos mezani pamoja, na mtihani ulikuwa wa City and Guilds, yaani unatungwa London na kusahihishwa London. Aliandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha akageuka akafasiri yote kwa Kiswahili, kwa mifano ya bomba na maji, mpaka mkondo wa umeme ukaingia akilini. Baadaye matokeo yalisubiriwa miezi, na siku yalipofika, alisema, hakula chakula cha mchana mpaka alipokwisha kusoma jina la mwisho. Mifano ile ya maji na bomba haimo katika kitabu chochote. Aliibuni mwenyewe, na waliomfuata waliiiga.

Mwenziwe wa useremala alicheka, akasema yeye alijua kijana atafaulu au hatafaulu kwa kumtazama anavyoishika randa siku ya kwanza. Akaeleza jinsi keekee moja ilivyotumiwa na vijana kwa zamu, na jinsi walimu walivyobaki baada ya saa za kazi kunoa vyombo wenyewe kwa sababu aliyeajiriwa kunoa alikuwa ameondoka na hakuletwa mwingine. Yule mama akasema kwa upande wake shida haikuwa vyombo bali wazazi. Baba alikuja na binti yake, akauliza kwanza mlango uko wapi, pili nani anaketi karibu naye, na tatu ndipo anauliza atasoma nini. "Nilikuwa nikiwapeleka wakaone kwa macho yao," alisema. "Wengine walimwacha binti, wengine waliondoka naye. Waliomwacha, leo watoto wao ndio wanaoniamkia njiani."

Hapo mazungumzo yaliingia katika lile jambo ambalo kila baraza la Mombasa lina kauli yake. Kijana mmoja aliyekuwa akigawa kahawa alisema, kama tusemavyo sote, kwamba skuli ile ilikuwa mali ya Waislamu, nasi tukanyang'anywa. Yule mwalimu wa useremala aliweka kikombe chini. "Tumenyang'anywa," alisema, "lakini nikuulize wewe, nani alikuwa akiitaka? Mzee wako alimtaka mwanawe awe karani wa forodha. Kijana wa bara alikuja na blanketi lake na sufuria, akalala juu ya saruji, akajifunza. Wa kwetu aliona haya kupita Makadara na ovaroli." Mwalimu wa umeme hakukubaliana naye hata kidogo. Yeye alisema vijana wetu hawakukosa hamu, walikosa hesabu. Skuli za msingi za pwani zilikuwa chache na dhaifu, na milango ilipofunguliwa kwa nchi nzima baada ya uhuru, waliotoka skuli zenye nguvu zaidi ndio waliowahi kuingia. "Huwezi kumlaumu mtu kwa kushindwa mbio," alisema, "na wewe umemfunga mguu."

Walibishana mpaka karibu na magharibi. Nami naamini wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa alichokiona katika karakana yake. Lakini kauli ya yule wa kwanza ilinichoma mimi hasa. Nilipomaliza skuli, marehemu baba aliitazama mikono yangu akasema, "Mikono hii si ya kushika spana." Nikapelekwa kuwa karani. Siku zile kazi ile ilikuwa na heshima zake, shati jeupe na kalamu mfukoni. Rafiki yangu wa jirani aliyekwenda Tudor akastaafu akiwa fundi mkuu, akajenga nyumba mbili, na mimi huenda kwake kuomba mashine yangu ya maji itengenezwe. Haya nayasema ili ijulikane kwamba malalamiko yetu yana pande zake, na mashahidi wa pande hizo ni walimu hawa. Wakiondoka bila kuandikwa, tutabaki na kauli moja tu, ile inayotupendeza.

Wala si karani wote waliobaki makarani. Profesa Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipomaliza skuli matokeo yake hayakutosha kumwingiza Makerere, akafanya kazi ya ukarani pale pale MIOME. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyotoa hotuba siku ya Maulidi mbele ya gavana Sir Philip Mitchell, na hotuba ile ikamfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Baadaye akaenda kufundisha Makerere, ile ile iliyomkataa, akawa profesa. Na skuli ya Tudor ilipokuwa chuo kishiriki mwaka 2007, mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, mama wa chuo hicho, alikuwa nani? Alikuwa yeye Ali Mazrui, karani wa zamani. Habari hiyo twaijua kwa sababu mwenyewe alikuwa mwandishi na msemaji. Fundi wa keekee hana nafasi hiyo.

Watu wengine wamefanya vipi? Makerere, tunayoisifu kwa madaktari na wanasiasa wake, ilianza mwaka 1922 ikiwa skuli ya ufundi yenye vijana 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umekanika. Hayo twayajua vizuri kwa kuwa Margaret Macpherson, mwalimu aliyefundisha Kiingereza pale pale, aliketi akaiandika historia ya miaka yake arobaini, na kitabu chake kikatoka mwaka 1964. Waliokuwapo mwanzoni walikuwa bado wako hai, wakaulizwa. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilifungua milango mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi. Basi hapana aibu yoyote katika asili ya Tudor, na hapana sababu ya kuificha karakana nyuma ya joho. Lakini hesabu ya miaka haitungoji. Aliyeingia Mei 1951 akiwa na miaka kumi na mitano, leo anakaribia tisini au ameshaipita.

Yako pia mambo ya juzi yanayofaa kuandikwa kabla hayajageuzwa hadithi. Pwani ilikaa miaka 50 tangu uhuru bila chuo kikuu cha serikali kilicho chake. Tulikuwa na matawi ya vyuo vya kwingine tu, kisha mwaka 2013 tukapata viwili kwa mpigo, hiki cha Tudor na kile cha Pwani kule Kilifi. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini wastaafu wale waliisimulia furaha hiyo kwa namna yao. Mwalimu wa politekniki aliajiriwa kwa ujuzi wa mkono wake. Chuo kikuu huuliza shahada kwanza, na mwaka 2014 Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa masharti ya kutaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu. Sisemi sharti lile ni baya. Nasema mtu aliyefundisha miaka thelathini alijiona ghafla kama mgeni katika nyumba aliyoezeka mwenyewe. Mwalimu wa umeme aliongeza jambo jingine ambalo sikuwa nimelifikiri. Mwaka uleule wa 2013 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichowachukua wanafunzi wake kadha wa kadha, kiliacha kusafisha. "Tumepata chuo kikuu," alisema, "na mtambo ukazimwa. Hao wenye shahada nitawaandika wapi pembeni ya daftari?"

Kwa hiyo nina maneno kwa watu wa namna tatu. Wakubwa wa chuo waliopo sasa, yafaa wafungue chumba kimoja, hata kiwe kidogo, wapokee madaftari, picha, vyeti na vyombo vya zamani, na wawapeleke wanafunzi wao wa Kiswahili na wa historia wakaketi na wastaafu na kinasa sauti. Wasingoje sherehe. Wenye wazee majumbani, kabla hamjatupa sanduku, mwiteni mtu anayejua kusoma yaliyomo. Na wastaafu wenyewe, msituletee hotuba. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, babake profesa, alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 aliandika kwa lugha wanayoielewa watu wake, na nanyi semeni hivyo. Twambieni ni nani aliyewafundisha ninyi kushika tupa, karakana ilikuwa na majiriwa mangapi, mshahara wa kwanza ulinunua nini, nani alifukuzwa na kwa kosa gani, na chakula cha bwenini kilikuwaje. Mkigombana kama wale wawili wa hitimani, ugomvi nao uandikwe.

Ukurasa huu utayapokea. Mimi nimekwisha kununua daftari la kurasa 200, lenye jalada gumu, na Jumanne baada ya alasiri nimeahidiwa na mwalimu wa umeme. Ameniambia nije na subira, kwani atanianzia na paa la karakana lilivyokuwa likivuja mwaka wa kwanza aliofundisha, na wapi alipoitega ndoo ili maji yasiingie katika swichi. Mama naye amesema niende kwake asubuhi, kwa kuwa jioni huwasomesha wajukuu. Yule wa useremala bado hajakubali. Anasema kwanza nirudi kwa muuza njugu nikatazame kama kuna kilichobaki.