NENO LA JUKWAANI NI DENI



Wahenga walisema ahadi ni deni. Walijua kwamba mtu akishatoa ahadi mbele ya watu amejifunga, na yule aliyeahidiwa anayo haki ya kwenda mlangoni pake kudai. Sisi tunaofanya kazi ya kueneza Chama hapa Mugeta na vijiji vya jirani twataka leo tuyapime maneno ya vyama kwa kipimo hicho kimoja. Utamu wa neno hatuuulizi. Twauliza: je, neno hili laweza kudaiwa?

Kipimo chetu ni rahisi, na kila mwanachama aweza kukibeba mkutanoni. Neno linalodaiwa humtaja atakayetenda, husema litatendwa lini, na mkulima wa pamba aweza kuona kwa macho yake kama limetimizwa au la. Neno lisilo na mambo hayo matatu ni kama moshi: uwanja mzima umeuona, wala hakuna aliyeushika.

Tuanze na mashindano ya kwanza ya vyama katika nchi hii. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1956 ikazaliwa UTP, kwa baraka za Gavana Twining. Mwaka 1958 Bwana Zuberi Mtemvu akatoka TANU akaanzisha Congress yake. Basi kwa miaka michache mwananchi wa Tanganyika alikuwa na maneno matatu mbele yake, na aliweza kuyalinganisha.

Neno la UTP lilikuwa ushirikiano wa mataifa, ambao kwa Kiswahili cha siku zile uliitwa mseto. Mseto ni chakula kizuri, hatukatai. Lakini mpishi ni nani, na nani apakuliwe kwanza? Hapo mabwana wale walinyamaza. Jibu lilikuja katika uchaguzi wa 1958 na 1959, uliofanywa kwa kura tatu. Mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kana kwamba idadi yao katika nchi ilikuwa sawasawa. Na asiyekuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, wala elimu ya darasa la nane, wala cheo kilichotambuliwa na serikali, hakupiga kura kabisa. Huo ndio mseto ulivyokuwa ulipofika sahanini. Na kujitawala? Kujitawala kungekuja baadaye, na baadaye haina tarehe.

Neno la Bwana Mtemvu lilikuwa Afrika kwa Waafrika tu. Lilikuwa neno kali, na wengi waliokuwa wamechoka kudharauliwa lilichoma mioyo yao. Lakini lisikilizeni vizuri. Uzito wake wote umekaa katika hiyo tu ya mwisho, na hiyo tu ni mlango unaofungwa. Lilieleza nani atoke. Halikueleza nani atafanya nini kesho yake asubuhi.

Neno la TANU lilikuwa Uhuru na Umoja. Uhuru ni neno la zamani. Lilikuwa hali ya mtu aliyetoka utumwani. TANU ililichukua kutoka kwa mtu mmoja ikalivika nchi nzima, na kila mtu akaelewa bila kufasiriwa. Akina Bibi Titi Mohamed walilipeleka kwa wanawake katika Kiswahili kinachosikika jikoni na ngomani. Lakini nguvu yake kubwa ilikuwa kwamba lilidaiwa. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikubali kuingia katika kura tatu, ingawa kura hizo zilichukiwa, ili deni lidaiwe kutoka ndani. Septemba 1960 Mwalimu Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera moja ikashuka na nyingine ikapanda. Mzee asiyejua herufi hata moja aliweza kusema: limetimia.

Novemba 1962 wananchi walimchagua Rais wa kwanza. Mwalimu alipata kura 1,127,978 na Bwana Mtemvu 21,276. UTP ilikuwa imekwisha kufa. Basi neno linalodaiwa liliyashinda mawili yasiyodaiwa, na lilishinda yakiwa yametamkwa hadharani.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Baada ya bendera kupanda, TANU ilibadili wito wake ukawa Uhuru na Kazi. Angalieni deni lilivyogeuka. Neno Uhuru lilidaiwa kwa Gavana. Neno Kazi lilidaiwa kwa mwananchi. Kwa nchi changa haikuwa vibaya, maana jembe halijilimii lenyewe. Ubaya ni kwamba neno hilo limekuwa tamu mno kinywani mwa watawala. Mwaka 2015 tuliambiwa Hapa Kazi Tu. Mwaka 2021 tukaambiwa Kazi Iendelee. Mwaka 2025 ikawa Kazi na Utu. Zaidi ya miaka hamsini, chama kinachoshika serikali kinamwimbia kazi mtu ambaye huamka kabla ya jogoo! Mkulima wa Mugeta hakosi kazi. Anakosa bei na maji, na mnunuzi asiyemcheleweshea fedha zake. Twauliza: katika neno Kazi, mwenye deni ni nani? Kama ni serikali, kazi ipi, na itakwisha mwezi gani?

Wapinzani nao wana neno lao walipendalo, na limekwisha kuvaa nguo tatu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, nguo ya kwanza ilikuwa Mageuzi. Mwaka 1995 hapa Bunda tuliliona kwa macho yetu: Ndugu Stephen Wassira alisimama kwa NCCR-Mageuzi akamshinda Ndugu Joseph Warioba wa CCM, kisha mahakama ikaubatilisha ushindi huo. Baadaye Ndugu Wassira alirudi CCM, na Januari 2025 akachaguliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wake kwa Tanzania Bara. Mwaka 2015, katika Bunda Mjini, alishindwa na Ndugu Ester Bulaya wa CHADEMA, ambaye miaka mitano iliyotangulia alikuwa mbunge kwa tiketi ya CCM, na safari hii neno lilikuwa Mabadiliko. Hatuwalaumu watu kwa kuhama vyama; sheria inawaruhusu. Twasema tu kwamba neno linaloweza kuhama na msemaji wake upesi hivyo halikuwa na mizizi katika kijiji chochote. Lilikuwa koti.

Nguo ya pili ilikuwa Ufisadi. Kwa haki yote, hili lilikuwa neno bora kuliko mengine. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dkt. Wilbroad Slaa alisoma orodha ya majina. Neno lililotaja majina lilidaiwa, na walioshtakiwa kwa neno hilo walilazimika kujibu au kukana. Lakini Julai 2015 chama kilekile kikampokea Ndugu Edward Lowassa, ambaye jina lake lilikuwa katika orodha ile, kikamfanya mgombea wake wa urais. Dkt. Slaa akaondoka. Tangu siku ile neno Ufisadi likapoa midomoni mwa wasemaji wao, na mahali pake pakakaa nguo ya tatu, Mabadiliko. Mabadiliko kutoka wapi kwenda wapi? Hata mvua ikigeuka ukame ni mabadiliko.

Basi hizo ndizo jamaa mbili za maneno ya nchi yetu: watawala na Kazi yao, wapinzani na Mabadiliko yao. La kwanza lamdai mwananchi badala ya kumlipa. La pili lamwahidi jambo lisilo na umbo. Yote mawili yanaimbika vizuri, na ndiyo sababu yanapendwa.

Siku hizi pameongezeka ugonjwa mwingine. Maneno makubwa ya siasa yanatungwa kwa Kiingereza. Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza msimamo wake wa maridhiano, uliitwa R nne, kwa herufi za maneno manne ya Kiingereza. CHADEMA walipotaka kupinga uchaguzi wa 2025, wito wao nao ukatoka kwa Kiingereza, maana yake bila mageuzi hakuna uchaguzi. Na ajabu ni hii: neno la Kiingereza la mageuzi limo katika R nne, na limo katika wito wa wapinzani. Mahasimu wawili, neno moja, na lugha si ya mpiga kura! Wapinzani walieleza baadhi ya waliyoyataka, kama katiba mpya na tume huru, na hilo twalihesabu kuwa jema kwao. Lakini bibi wa Mihingo anayelazimika kumwita mjukuu amfasirie wito wa chama atamdai nani, na kwa maneno gani? Akina Bibi Titi hawakumwita mtu kwa Kiingereza.

Kisha likaja kubwa zaidi. CHADEMA haikutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi, Tume ikasema haitashiriki. Mwenyekiti wao, Ndugu Tundu Lissu, alikuwa amekamatwa Aprili 2025 na kushtakiwa kwa uhaini. Tarehe 29 Oktoba 2025 kura zikapigwa, watu wakafa katika ghasia za siku zile, na mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Twaweza kuyalaumu maneno ya chama kile, na tumeyalaumu hapa bila woga. Lakini neno baya la mpinzani hujibiwa kwa neno bora. Likizuiwa, hata lile jema linalobaki uwanjani halijulikani ubora wake, maana halikupimwa na kitu. Hata katika siku za chama kimoja, mwaka 1965, wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, walisimama katika mkutano mmoja na mwananchi akawasikia wote. Waziri Paul Bomani alianguka mwaka ule. Ikiwa chama kimoja kiliweza kuwasimamisha watu wawili jukwaa moja, nchi ya vyama vingi inaogopa nini?

Sasa tushuke nyumbani, maana huenda mtu akasema haya ni mabishano ya waliosoma. La hasha! Upande huu wa Bunda tunapakana na hifadhi za wanyama. Tembo wakiingia shambani usiku, asubuhi hakuna mtama wala mahindi. Mwenye shamba huita haki yake fidia. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliita malipo hayo kifuta jasho, na mtu akiuawa na mnyama, kifuta machozi. Kanuni hizo ziliweka ukomo wa eka tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu.

Yatazameni maneno hayo mawili. Fidia ni deni: mmoja kaharibiwa, mwingine analipa kadiri ya hasara. Kifuta jasho ni hisani: mtoaji hukadiria mwenyewe, na mpokeaji hushukuru. Neno moja limegeuka, na haki imegeuka kuwa sadaka. Aliye na eka nane zilizoliwa asimame wapi adai zile tatu? Hakuna mlango, kwa sababu neno lenyewe lilikwisha kuufunga.

Kwa hiyo mgombea atakapokuja Mugeta, wa chama chochote, wetu akiwamo, asiulizwe kama anatupenda. Aulizwe: utasema fidia au utasema kifuta jasho? Akisema fidia, aulizwe ni kwa sheria ipi atakayoipeleka bungeni, na katika mwaka upi wa miaka yake mitano. Akijibu maendeleo, apigiwe makofi ya adabu na arudishiwe swali. Serikali ya kikoloni nayo ilihubiri maendeleo. Kwa jina hilo Waluguru walilazimishwa kukata matuta milimani, hata wakakataa kwa nguvu mwaka 1955.

Wako watakaosema kwamba kampeni yahitaji moto, na kwamba watu hawaji uwanjani kusikiliza hesabu. Sisi twawajibu kwamba hakujapata kuwa na moto katika nchi hii kuliko ule wa neno Uhuru, nalo lilikuwa na tarehe. Watu hawachoshwi na hesabu. Huchoshwa na kudanganywa.

Wasemaji wa Chama twawaagiza hivi. Neno lisilodaiwa msilitamke, hata kama jirani analitamka na kushangiliwa. Semeni Kiswahili. Ahadi mliyoitoa Mugeta isiwe nyingine mkifika Nyamuswa. Na kila tawi liwe na daftari: siku ya mkutano, jina la msemaji, neno alilosema, tarehe aliyoitaja. Wanachama walitunze daftari hilo, na wasiokuwa wanachama waruhusiwe kulisoma. Uchaguzi ukija tena lifunguliwe mbele ya mgombea na lisomwe kwa sauti. Aliyelipa apewe kura. Asiyelipa aonyeshwe ukurasa wake.