Gauni la Emali: Kauli ni ya Nani?

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hufika Emali akiwa amekwisha kula sehemu kubwa ya njia. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Loitokitok, na hapo Mkamba wa Makueni na Mmaasai wa Kajiado hukutana, huyu na nyanya zake, yule na mbuzi wake. Reli ya zamani yapita hapo, na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo ina stesheni yake. Aghalabu sisi watu wa pwani hupaona kupitia dirisha la basi, kisha tukapasahau.

Safari moja nilipata saa mbili za kukaa sokoni hapo, kando ya mwanamke auzaye nyanya. Mara likafunguliwa robota la mitumba. Walio wepesi walikimbilia "kamera", yaani zile nguo bora zinazochaguliwa mwanzo. Zikishakwisha hizo hushuka bei mpaka kufikia "fagia", masazo ya robota. Jirani yangu hakukimbia. Alingoja msukumano upungue, akaenda akaokota gauni moja la mikono mirefu. Akaligeuza ndani nje, akatazama mishono, akavuta zipu mara mbili, akalirudisha. Akazunguka. Akarudi. Bei ilikuwa shilingi mia mbili. Alilitwaa kwa mia na hamsini.

Nilimwuliza kwa nini amejisumbua hivyo kwa nguo ya mtumba. Akanijibu kwamba sare ya shule alivishwa, leso alipewa siku ya harusi yake, na kitenge cha chama ni cha chama. Nguo aliyoichagua kwa macho yake na kuilipia kwa nyanya zake ni hiyo. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee jambo ambalo lingalikuwa wazi kwake.

Ndugu msomaji, maneno hayo yamenifanya niyatazame upya mambo ya miaka hii. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipate kuinuka. Rwanda ikapandisha ushuru wa kilo moja kutoka senti 20 za dola ya Marekani hadi dola 2 na nusu. Wafanya biashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017, ikichelea kupoteza nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mwezi wa Machi 2020 Kenya ilizuia mitumba kwa hofu ya korona, ikaifungulia tena Agosti. Na mwaka 2023 Rais Museveni wa Uganda alitangaza kuwa ataipiga marufuku, akisema kuwa ni nguo za wafu.

Katika majadiliano hayo yote walitajwa wenye viwanda, wenye maduka makubwa na wenye meli. Yule anayelivaa gauni hakuulizwa.

Simkani mwenye hoja ya viwanda. Haki isemwe: Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret ziliajiri watu wengi, na milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya tisini ziliporomoka. Ukambani kwenyewe ni nchi ya pamba, na mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Kitui ilianzisha kiwanda cha kushona nguo pale Syongila, kiitwacho KICOTEC, kilichoshona sare, na barakoa wakati wa korona. Hiyo ni heri. Lakini sare na barakoa ni vazi la kuagizwa na mkubwa. Gauni ni jambo jingine, maana hulichagua mwenyewe alivaaye.

Na sisi wa pwani tulikuwa na somo hili zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilileta pembe Mombasa ikarudi bara na nguo, merikani ikiwamo. Merikani ilikuwa moja kwa wote. Leso ikaja ikaishinda kwa mapambo, kwa sababu mwanamke aliambiwa chagua: rangi hii au ile, na baadaye jina hili au lile. Mfanya biashara wa Biashara Street aliyetaka kuuza doti zake ilimbidi kwanza asikilize wanawake wanasema nini. Leo dera nalo limepanda njia ile ile mpaka bara, wala hakuna serikali iliyolipeleka.

Yupo atakayesema, vazi la mwanamke lina mipaka. Naam, linayo, na vyuoni tulifundishwa. Surat Al-A'raf yatukumbusha kwamba nguo ni neema ya kusitiri na ya kupamba pia, na kwamba lililo bora ni vazi la ucha Mungu. Surat An-Nisaa nayo yampa mwanamke fungu lake katika alichokichuma. Basi mwenye kuionea haya mtumba aufue uwe safi, asali nao. Lakini stara haivishwi kwa nguvu. Mwaka 2014 wanaume walipowavua wanawake nguo hadharani, ati walinda heshima, wanawake waliandamana Nairobi tarehe 17 Novemba wakisema gauni ni lao na hiari ni yao. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, na anayemvua mwenziwe nguo kwa nguvu akawekewa kifungo kisichopungua miaka 10. Mlinzi wa stara gani huanza kwa kuvua?

Mwenye kumvua njiani na mwenye kumfungia soko hawafanani kwa ubaya, la hasha. Wanakutana katika jambo moja tu: wote huamua juu ya mwili ambao si wao.

Kwa hiyo atakaye kuiondoa mitumba na aanze upande wa pili. Alete gauni jipya, la pamba ya Makueni au Kitui, lenye mishono ya kugeuzwa ndani nje na isione aibu, kwa bei ambayo ndoo ya nyanya inaweza kuilipa. Alitundike sokoni Emali kando ya robota, amwache muuza nyanya achague. Akilichagua, mitumba itaondoka yenyewe. Asipolichagua, kosa si lake.

Nilipoondoka alikuwa amekwisha kulikunja na kulitia kapuni, chini ya mizani. Kesho yake ilikuwa Jumapili, naye alikuwa na pa kulivaa, kama vile dada yetu wa Mombasa alivyo na lake la Idi, chini ya buibui.