Kona ya Maternele: Je, watoto wanacheza tu?



Juma lililopita mama mmoja alisimama mlangoni kwetu, kikapu kichwani, akaangalia ndani kwa muda mrefu. Watoto walikuwa wameketi chini na rundo la vifuniko vya chupa. Mmoja alijifanya mama wa soko, wengine walikuja kununua. Mama akatuuliza kwa upole: «Mwalimu, kaye ya mtoto wangu iko wapi?» Tukamletea. Ndani mlikuwa na kurasa mbili za mistari ya rangi, basi. Akasema: «Kumbe ninalipa franga ili acheze? Kucheza anacheza nyumbani, bure.»

Siku ile hatukumjibu vizuri. Na tunajua kwamba si yeye peke yake anayewaza hivyo. Siku ya posho, baada ya likelemba, wazazi watakutana kuamua: maternele yetu iendelee na michezo, au watoto wapewe kaye na biki asubuhi yote, kama darasa la kwanza. Ndiyo maana tunaandika leo. Kabla ya kuinua mikono, tunawaomba msome ukurasa huu mpaka mwisho.

Kwanza tuseme wazi: swali la franga ni swali la haki. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, lakini ubure huo haukufika kwenye maternele. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaitambua maternele, miaka mitatu kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5, ila huku kwetu mzigo umebaki kichwani mwa mama. Mama anayeamka saa kumi ya usiku kufunga chikwange ana haki ya kuona kazi ya franga zake. Sisi walimu tulikosa: tulicheza na watoto bila kuwaeleza wamama kinachofanyika ndani ya mchezo.

Kosa letu la pili ni kubwa zaidi, na tunaliandika ili lisirudiwe. Tulipotoka masomoni Kisangani na diploma zetu mkononi, tulitaka kuonyesha kwamba tunajua kazi. Tuliwaketisha watoto wa miaka minne wanakili herufi «i» ukurasa mzima. Kulikuwa na mtoto mmoja, mpole, ambaye kalamu ilikuwa inamponyoka kila mara. Tulimwambia arudie, tena arudie. Mwishowe alijikojolea palepale alipoketi, na wenzake wakacheka. Siku iliyofuata hakuja, na juma zima hakuja. Mama yake alituambia kwamba kila asubuhi, akisikia neno masomo, mtoto alikuwa anajificha nyuma ya nyumba. Hakuna mtu aliyempiga. Tulimfundisha tu kuogopa, naye alijifunza haraka kuliko herufi.

Mkono wa mtoto wa miaka minne haujakomaa. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono ingali inajijenga, na vidole havijapata nguvu ya kushika kalamu kwa muda mrefu. Ninyi wamama mnalijua jambo hili bila diploma: hakuna anayempa mtoto mdogo mchi mkubwa akamwambia atwange sombe ya nyumba nzima. Anampa kijiti na kikopo, atwange majani pembeni yake. Maternele ni kile kijiti na kikopo. Mtoto akikanda udongo wa kando ya mto, akimenya karanga, akitunga shanga kwenye uzi, vidole vyake vinajiandaa kwa kalamu. Akifika wakati wa kuandika, «i» haitamliza.

Sasa turudi kwenye soko la vifuniko, tulitazame tena pamoja. Mtoto aliyekuja kununua alitaka mafungu matatu ya «samaki», yaani majani. Kila fungu lilikuwa vifuniko viwili. Akatoa vitano. Muuzaji akahesabu, akasema: «Bado moja.» Mnunuzi akakataa. Wakavipanga tena chini, viwili, viwili, kikabaki kimoja peke yake. Mnunuzi akakiangalia, akacheka, akaongeza. Hapo mlikuwa na hesabu ya kuzidisha, mlikuwa na kubishana bila kupigana, na mlikuwa na kukubali kosa. Tungeiandika hesabu ile ubaoni, wangeiimba nyuma yetu kama kasuku na kuisahau njiani wakirudi nyumbani.

Na lugha? Watoto wetu wanakuja na lugha ya babu zao, Lingala ya barabarani, Kiswahili cha nyumba fulani, na Kifaransa cha «bonjour» tu. Mtoto aliyeketi kimya mbele ya kaye hasemi lugha yoyote. Akicheza, lazima aseme: leta, ngoja, zamu yangu, umedanganya. Katiba yetu inahesabu lugha nne za taifa, Kiswahili na Lingala zikiwamo, kwa hiyo hakuna aibu mtoto kuanza na lugha ya mama yake. Aliyejifunza kusimulia vizuri katika lugha moja anapata urahisi wa kusimulia katika ya pili.

Mwenye haraka atasema: sawa, lakini darasa la kwanza watamdai aandike. Ni kweli. Ila tangu masomo ya msingi yawe bure, madarasa yamejaa. Mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kushika mkono wa kila mmoja. Mtoto anayesimama imara mle ndani ni yule anayeweza kusikiliza, kungoja zamu, kuuliza asipoelewa, na kukaa bila mama yake asubuhi nzima. Mambo hayo hayanakiliwi kutoka ubaoni. Yanafanywa kila siku, na watoto wanayafanya wakicheza.

Tumesikia pia neno hili: «Hiyo ni elimu ya watoto wa matajiri wa Kinshasa.» Tuwape habari moja tuliyoisoma. Mwaka 1945, vita vikuu vilipomalizika, wanakijiji wa Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia kule Italia, walikuwa maskini kabisa. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limekimbia na kuacha kifaru cha vita, malori na farasi. Wanakijiji wakaviuza, na kwa franga zile wakaamua kujenga masomo ya watoto wadogo. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Waliokota matofali ya nyumba zilizobomolewa na mabomu, wakayasafisha kwa mikono. Mchanga ulitoka mtoni. Mwalimu mmoja kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hiyo, akapanda kinga yake kwenda kuona kama ni kweli. Alikuta ni kweli, akabaki na kazi hiyo maisha yake yote. Leo walimu wa nchi nyingi wanakwenda Reggio Emilia kujifunza jinsi mtoto anavyojifunza kwa kucheza, kuchora na kuuliza. Jambo hilo halikuanzia kwa matajiri. Mwanzo wake ulikuwa kijiji kilichobomolewa.

Sisi Banalia hatuna kifaru cha kuuza. Lakini mchanga wa Aruwimi upo, matete yapo, mikono ipo, na michezo ipo. Tena michezo ninyi ndio mnaijua kuliko sisi. Nani hapa hajacheza nzango alipokuwa msichana? Mistari miwili inatazamana, nyimbo na makofi, mnaruka, kila mmoja anatoa mguu. Miguu ikifanana, pointi ni ya huku. Ikitofautiana, ni ya kule. Mtoto anayecheza nzango anajifunza kushoto na kulia, sawa na tofauti, kuhesabu pointi, na kushindwa bila kulia. Na ule mchezo wa vijiwe, unarusha kimoja juu na kuokota vingine kabla hakijaanguka, ni nini kama si hesabu na vidole vyepesi?

Kwa hiyo siku ya posho tutaweka mbele yenu mambo matatu.

Moja, kila Ijumaa mama yeyote aje akae nasi robo saa. Tutamwonyesha mtoto wake amefanya nini katika juma, na tutaliandika kwenye kaye yake: amehesabu mpaka ngapi, amesimulia nini, ameshindwa wapi. Hivyo kaye haitakuwa tupu tena, na hakuna mtoto atakayelia kwa ajili yake.

Mbili, mara moja kwa juma bibi au mama mmoja aje kufundisha mchezo au hadithi ya kwao. Hatuna franga za kumlipa. Tuna kiti, maji ya kunywa, na masikio ya watoto.

Tatu, kibanda cha nje kinavuja. Mvua ikinyesha watoto wote wanabanana ndani, na hapo kweli hakuna kucheza wala kujifunza. Tunaomba siku moja ya kazi ya pamoja, kila jamaa ilete fungu moja la majani ya kuezekea.

Watoto wa maternele ya kubwa, wale wa miaka mitano, wataanza kuandika jina lao polepole baada ya michezo. Hilo tunalikubali, kwa sababu mkono wao umefika. Tunachokataa ni kuwafunga wadogo wa miaka mitatu na minne kwenye kaye asubuhi nzima. Tulijaribu, na tumewaambia matokeo yake.

Kazi ya juma nyumbani: leo jioni, kabla ya kugawa chakula, mpe mtoto wako kazi ya kuleta sahani. Usimtajie hesabu. Muulize tu: «Sisi tuko wangapi? Nani hajapata?» Akikosea, ngoja. Usimnyang'anye sahani mkononi, hata kama njaa inauma. Mwache ahesabu tena mwenyewe. Halafu uje utuambie uliona nini usoni mwake alipoipata.

Yule mama wa kikapu tumemwomba aje siku ya posho, aketi mbele, aulize swali lake tena mbele ya wote. Safari hii tutajaribu kumjibu vizuri.

Tuonane siku ya posho.

Walimu wenu wa maternele